Mkuyu wa Pasiansi

Koti la mvua lilikuwa moja, na waliolishika walikuwa wawili.

Ilikuwa Jumamosi pale soko la Mlango Mmoja, mwaka ule wa mvua za El Nino, na watu walikuwa wakipindua marundo ya mitumba huku wakitazama mawingu. Odeta, binti wa kisiwani Nansio, gauni lake la kitenge cha njano limeshaingia matope kwenye upindo, alilivuta koti upande wake. Kijana aliyesimama ng'ambo ya rundo hakuachia. Alikuwa mrefu, mweusi tii, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, lakini kucha zina weusi wa grisi.

"Dada, hili la kiume," alisema taratibu.

"Kwani mvua inachagua?"

"Haichagui. Ila mimi nimelishika kwanza."

"Umeligusa. Mimi ndiye niliyelishika."

Muuzaji aliwaambia wakilichana watalinunua wote wawili. Kijana akacheka, akaachia. "Lichukue. Nikinyeshewa nikaugua, nani ataniuguza?"

"Mkeo."

"Sina."

"Basi mama yako."

"Huyo ninaye," alisema. "Lakini amechoka, anatafuta msaidizi."

Odeta hakutaka kucheka, akacheka. Kijana aliitwa Ojuok, fundi wa injini za boti pale Kirumba, kwao Mara. Odeta alimtajia jina lake na kwamba yuko manispaa, akaondoka upesi kabla hajaulizwa zaidi. Jumatatu simu ya ofisini ikalia, na Wilhelmina, mpiga chapa, akampa mkonga wa simu huku ametoa macho.

"Nimeugua," ilisema sauti.

"Nenda hospitali."

"Dawa yangu wanasema iko manispaa."

Ikawa hivyo. Ojuok alipiga simu kutoka duka la vipuri kila alipopata nafasi, na jioni walikula sato wa kuchoma ufukweni, upepo wa ziwa ukichezea mtandio wa Odeta. Ojuok alimwita "bosi wangu". Odeta alimwita "mgonjwa". Siku alipomweleza kazi yake hasa, kwamba yeye ndiye bibi miti wa mji, kwamba mti mkubwa haukatwi hata ukiwa uani kwako mpaka aukague na kibali kitoke, Ojuok alinyamaza kidogo. Kisha akauliza habari za Nansio.

Haikupita muda mrefu, ombi likafika mezani. Ojuok, mkazi wa Pasiansi, anaomba kuondoa mkuyu ulioinamia chumba cha mama yake.

Wilhelmina alikuwa amelisoma kabla yake. "Kumbe dawa aliyoitafuta mgonjwa wako ni kibali," alisema, na ofisi nzima ikacheka.

Odeta hakucheka. Miaka ile biashara ilikuwa imeachiwa huria, na kila mwenye kiwanja alitaka kujenga fremu za maduka barabarani. Miti ilikatwa Jumapili ofisi zikiwa zimefungwa, na waliotaka kufuata taratibu wengine walikuja na bahasha. Hakuwahi kupokea hata moja. Jina lake ndilo alilokuwa nalo. Sasa aliukumbuka ule ukimya wa Ojuok, na kila neno tamu aliloambiwa likageuka chungu.

Alikwenda Pasiansi asubuhi akijua Ojuok yuko kazini. Mama Akelo, mama yake Ojuok, alitoka na kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza upate uji."

"Nina haraka, mama."

Aliuzunguka mkuyu mara moja. Ulikuwa mkubwa, majani yake yamejaa, na kwenye shina karibu na ardhi palikuwa na uyoga mgumu wa kahawia. Aliuona. Moyoni ulimgusa, lakini alijiambia uko kwenye gome tu. Kibegi chake kilikuwa na nyundo ya kugonga shina kusikia kama ni bovu ndani, hakukifungua. Akaandika: mti mzima, apunguze matawi, asiukate.

Mchana simu ililia; mama alikuwa ameshamweleza Ojuok.

"Odeta, uliugonga ule mti?"

"Nijibu mimi kwanza. Ulinitafuta mimi au ulitafuta mhuri?"

"Nilitaka kuomba kibali kabla sijakujua. Uliponiambia kazi yako nikaona aibu, nikaogopa utafikiri hayo hayo unayofikiri sasa. Nikasema nilete ombi dirishani kama watu wengine."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia. Hapo kosa ni langu. Lakini mama analala chini ya ule mti, Odeta. Ungeupima."

Ojuok akakata simu. Hakupiga tena.

Majirani walimshauri Ojuok aumalize Jumapili kama wengine. Alikataa; alisema hataki kuwa mtu ambaye Odeta amemdhania. Alipunguza matawi kama alivyoagizwa na kuhamishia kitanda cha mama sebuleni. Habari hizo Odeta alizipata kwa Wilhelmina, ambaye nduguye alikaa mtaa ule.

Kisha mvua ikaja na upepo, asubuhi moja isiyo na jua. Kule Mkolani mti ulianguka juu ya jiko la nyumba ya mzee mmoja, Ngosha, na Odeta akatumwa akaone. Mke wa mzee alikuwa ametoka jikoni kuanua nguo. Sufuria zake zilikuwa bapa kama sahani. Odeta alichuchumaa kwenye mzizi uliong'oka. Ndani kulikuwa na unga mweusi uliolowa. Nje, kwenye gome, uyoga mgumu wa kahawia.

Alishika ardhi kwa mikono miwili, akasimama, akarudi ofisini na matope yake mpaka kwa mkuu wake, Bwana Chenge.

"Nilikosea Pasiansi," alisema. "Sikuupima ule mti. Niliogopa maneno ya watu nikamnyima mtu haki yake. Naomba kibali kitoke leo na mafundi waende sasa."

Chenge alivua miwani. "Unajua watasema nini."

"Waseme, mzee. Jina langu halina uzito kushinda paa la mama yule."

"Nimtume mwingine, wewe upumzike na haya mambo?"

"Hapana. Nilikosea mimi, nitarekebisha mimi."

Alifika Pasiansi na wakata miti, mvua ikiwa imepungua kuwa manyunyu. Ojuok alisimama mlangoni, hakumkaribisha wala hakumfukuza. Odeta aliugonga mkuyu kwa nyundo, na ukalia kama ngoma. Alichomeka nondo kwenye shina, ikazama kama kwenye ugali.

Walianza juu, tawi kwa tawi, kila pande limefungwa kamba ili lisiangukie bati. Kamba kubwa ilihitaji watu. Odeta akajifunga khanga kiunoni, akaishika. Baada ya muda alihisi imekuwa nyepesi, akageuka: Ojuok alikuwa nyuma yake, anavuta. Shina lilipolala, uwazi wa ndani ungemtosha mtu mzima kusimama. Majirani walikuwa wamejaa uani, na Mama Akelo alikuwa ameweka mkono mdomoni.

Odeta alimgeukia mbele ya wote. "Mama, nilikuja hapa nikaona dalili, nikaondoka. Nilimkasirikia mwanao, ukalala wewe kwenye hatari. Naomba unisamehe."

Mama Akelo alimtazama sana. "Umerudi mwenyewe," alisema. "Sasa ule uji utakunywa."

Ojuok hakuwa mwepesi wa kusamehe hivyo. Alimsindikiza mpaka barabarani, mikono imechubuka kwa kamba.

"Nilikasirika, Odeta. Bado nimekasirika."

"Kasirika. Nitangoja."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Ila sitajificha tena. Kesho nitakupigia simu pale dukani, wafanyakazi wenzangu wote wakisikia. Na keshokutwa."

Alipiga. Siku za kwanza Ojuok alijibu kwa mkato, kama anayeongea na mteja. Wilhelmina alinong'ona, kisha akachoka kunong'ona. Wiki zikapita, mvua zikakatika, na sauti ya Ojuok ikaanza kulainika, mpaka siku moja akauliza, "Bosi wangu, meli ya Nansio Jumamosi inaondoka saa ngapi?"

"Unakwenda kutengeneza injini?"

"Nakwenda kumwona baba yako. Mama anasema atanisindikiza, nisije nikaongea vibaya."

Odeta aliangalia ziwa kupitia dirishani. Ofisi nzima ilikuwa imeacha kazi inamsikiliza. Hakushusha sauti.

"Njooni mapema," alisema. "Nitawakatia tiketi, na tutakwenda wote."