Kinga Isiyozuia Makali

Maiti ya Ludovick ilikutwa Jumatatu saa mbili asubuhi, sakafuni mwa ofisi yake ya uwakala wa forodha huko Sundbyberg, ughaibuni. Alikuwa amelazwa ubavu. Goti moja limekunjwa, kiganja kiko chini ya shavu, na sweta lake limekunjwa vizuri chini ya kichwa.

Inspekta Nasma Khalfan alichuchumaa kando yake. Kona ya rafu ya chuma ilikuwa na damu.

"Aligonga pale," alisema Axel, daktari wa uchunguzi wa maiti. "Ana michubuko miwili kifuani, nadhani alisukumwa. Lakini hakufa papo hapo. Aliishi kama saa nzima."

"Angeitiwa gari la wagonjwa?"

"Huenda angepona."

Nasma aliutazama tena mwili. Aliyemlaza hivi, ili njia ya hewa ibaki wazi, alikuwa amesomea kuhudumia wagonjwa. Alimhudumia, kisha hakupiga simu. Jambo hilo lilimkaa vibaya moyoni.

Mezani palikuwa na kinga mbili za shingo, za wachezaji wa hoki ya barafu. Moja ilikuwa mpya. Nyingine ilikuwa imefuliwa, lakini doa la kahawia halikutoka, na kitambaa chake kilikuwa kimekatika moja kwa moja kama karatasi. Kando yake kulikuwa na nakala ya barua.

Béata, Mrundi aliyefanya kazi na marehemu miaka tisa, alikuwa amekaa ukumbini bila kuvua koti.

"Barua hii ni ya nini?" Nasma aliuliza.

"Ni ya Septemba mwaka jana, dada. Muagizaji alitaka kinga hizi ziingie nchini kama vifaa vya michezo, maana ushuru wake ni mdogo. Mzee akapasua moja kwa mkasi. Ndani hamna kitu, ni kitambaa tupu. Akaziainisha kwenye kifungu cha nguo, akawaandikia forodha sababu."

Nasma akasoma. *Bidhaa hii haina tabaka la kukinga. Haiwezi kuzuia makali.*

"Forodha walikubali?"

"Walikubali. Muagizaji akalipa ushuru wa nguo, kisha akaziuza kama kinga vilevile."

"Mzee alimwambia nani mwingine?"

Béata aliinamisha macho. "Hakuna. Nilimuuliza. Akasema kazi yetu ni namba, usalama una wenyewe."

Jumatano majibu ya maabara yalifika. Damu ya kwenye kitambaa haikuwa ya Ludovick. Vinasaba vilikuwa vya msichana. Na simu ya mwisho aliyopokea Ludovick, Jumapili mchana, ilitoka kwa Gaudiosa, muuguzi anayeishi Norsborg.

Nasma alilitafuta jina hilo kwenye kumbukumbu za polisi, akakuta faili la Januari mwaka huu. Magdalene, binti pekee wa Gaudiosa, miaka kumi na mitatu. Mwenzake alianguka mazoezini, na chuma cha kiatu chake cha kuteleza kikampita Magdalene shingoni, akafa. Faili lilifungwa kama ajali. Msimamizi wa ubatizo wa Magdalene, aliyebeba jeneza lake, alikuwa Ludovick.

Gaudiosa hakukataa kuja kituoni. Wakili wake alikaa pembeni, kinasa sauti kikawashwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Jumapili mchana ulikuwa wapi?"

"Unajua nilikokuwa."

"Nataka kusikia kwako."

Gaudiosa aliiweka mikono mezani. "Nilimpelekea kinga ya Magdalene. Klabu ndiyo iliyowagawia, wakaambiwa ni imara. Nikasema Ludo anajua mizigo, atanitafutia ilikotoka. Alipoishika tu, akakaa chini. Hakujua kama mtoto wetu aliivaa hiyo. Akafungua kabati, akanipa barua. Nikamuuliza, 'Septemba?' Akasema, 'Niliwaandikia forodha.' Akarudia vilevile, 'Niliwaandikia forodha.'"

"Ukamsukuma."

"Kwa mikono yote miwili."

"Kisha ukamlaza ubavu."

"Miaka ishirini na miwili wodini, mikono haingoji uiambie. Nikamsikiliza anavyopumua. Nikatoa simu." Aliitazama mikono yake. "Nikaitazama tena tarehe ya barua. Nikairudisha simu mkobani."

"Ulikaa naye saa nzima?"

"Nilimshika mkono mpaka mwisho. Alikuwa kaka yangu huku ugenini. Tulikuja masomoni pamoja, hatuna mtu."

"Alisema lolote?"

"Aliniomba msamaha. Nikamwambia nimesikia." Machozi yalimtoka bila sauti. "Sikumwambia nimesamehe."

Nasma alizima kinasa sauti. Alitaka kusema pole, lakini wakili alikuwa amekwishasimama.

Mchana huo alipata kwa muagizaji orodha ya klabu zilizonunua shehena ile. Zilikuwa kumi na moja. Angeweza kuituma kwa ofisi inayohusika na kungoja barua. Alikaa mezani kwake akapiga simu ya kwanza.

Kocha alipokea kwenye makelele. Nasma alijitambulisha, akataja chapa ya kinga.

"Ndiyo, tunazo," kocha alisema. "Wamezivaa sasa hivi."

"Watoe watoto kwenye barafu."

"Tuna nusu saa bado."

"Watoe," alisema Nasma. "Nitakueleza wakishatoka wote."

Alisikia filimbi ikipulizwa. Kisha akangoja, simu sikioni, huku mikwaruzo ya vyuma kwenye barafu ikipungua, mmoja baada ya mwingine, hadi uwanja ukawa kimya.