Bodi ya Kengele Iliyochemka

Ndugu zangu wa mtaa huu, nina miaka ishirini na mitatu nikitengeneza redio, na leo nimechoka. Sijachoshwa na kazi, kazi yangu naipenda. Nimechoshwa na jambo lililotokea nyumba ya pili kutoka kibandani kwangu. Mimi mwenyewe nimo ndani yake, kwa hiyo mtu asidhani nimekaa hapa kuwasema wenzangu tu.

Nyumba hiyo ilikuwa ya amani. Asubuhi ulisikia cherehani ya mke wa mwenye nyumba ikikimbia, maji yakimwagwa uani, na dirishani alikaa Bibi, mama mzazi wa mwenye nyumba, akimsalimia kila apitaye. Hata usipomwitikia alikusalimia tena, kwa sauti zaidi. Mwanawe ni mwalimu wa hesabu, lakini sisi tulimwita Injinia, maana hakuna kifaa kilichoharibika ambacho hakukifungua. Akishakifungua, mara nyingi kiliharibika zaidi. Tulimtania, naye alicheka.

Kisha miguu ya Bibi ikagoma, akawa mtu wa kitandani. Injinia, kwa mapenzi ya kweli, akamtengenezea kengele. Alitafuta bodi ndogo ya kujifunzia umeme, akaiunga na betri alizozing'oa kwenye kompyuta iliyokufa, akaviweka vyote kwenye rafu ya jikoni. Waya mrefu ulitambaa ukutani hadi chumbani kwa mama yake, na mwisho wake palikuwa na kitufe kidogo kama kifungo cha koti. Bibi akibonyeza, kengele inalia jikoni na taa nyekundu inawaka. Siku ya kwanza tuliitwa majirani tuione. Bibi akabonyeza, kengele ikalia, mkwewe akaja mbio na kikombe cha maji, nasi tukapiga makofi. Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi.

Baada ya wiki tatu Injinia akaja kibandani kwangu na bodi yake ameifunga kwenye kitambaa, utadhani kitoto kichanga.

"Fundi, inachemka. Ukiigusa unatoa mkono."

Niliiunga na betri yangu na kengele yangu ya majaribio. Nikabonyeza, ikalia vizuri. Nikapima kwa mita, nikaiacha mezani nusu saa, nikaigusa. Ilikuwa baridi.

"Mbona haina kitu?"

"Kwangu inachemka, Fundi. Naapa."

"Basi ni waya zako za betri. Nyembamba mno. Weka nene."

Akaweka nene. Wiki iliyofuata akarudi, safari hii fyuzi ilikuwa imekatika. Nikampa nyingine. Baada ya siku mbili ikakatika tena. Nikampa nyingine tena, na nikaitazama ile bodi upande huu na upande ule. Mezani kwangu ilikuwa mpole kama kondoo. Tukalaumu betri. Tukalaumu joto la jikoni. Injinia akaenda kutafuta feni ndogo, ya ukubwa wa kiganja, akaifunga juu ya bodi ili iipepee. Alinionyesha picha yake kwenye simu, uso umemng'aa.

Naomba mnisikilize hapa. Kuna swali moja ambalo fundi yeyote mwenye akili angeuliza siku ile ya kwanza: kengele hii hulia mara ngapi kwa siku? Bodi yenyewe ilitengenezwa kwa mlio mfupi, bonyeza na uachie. Mezani kwangu nilibonyeza na kuachia, ndiyo maana haikuchemka. Sikuuliza. Tena kutoka kibandani kwangu hadi jikoni kwao ni hatua arubaini, na sikuzitembea. Kila mara nilisema nitapita kumjulia hali Bibi, na kila mara kulikuwa na redio ya mtu mezani.

Jumamosi moja, kabla ya adhuhuri, nikasikia mke wa Injinia akipiga kelele.

"Moshi! Fundi, njoo, moshi!"

Nilikimbia na koleo mkononi. Rafu ya jikoni ilikuwa inafuka. Plastiki ya waya imelainika, inadondoka kwenye chupa ya chai, na feni ile ndogo bado inazunguka, inapepea moshi. Nikakata waya za betri kwa koleo, nikazitoa betri nje uani kwa kuzibeba kwenye sufuria. Injinia alitokea sebuleni, penseli nyuma ya sikio. Alikuwa nyumbani tangu asubuhi, anachora bodi mpya iliyo bora kuliko ile.

Nikatazama mahali pa fyuzi. Fyuzi haikuwapo. Alikuwa ameweka kipande cha waya mtupu.

"Injinia, nini hiki?"

"Zilikuwa zinakatika kila siku. Nimechoka, Fundi."

"Fyuzi inakatika ili ikwambie kitu!"

Nikaishika kengele yenyewe, ile iliyolia siku tuliyopiga makofi. Ilikuwa nzito kidogo. Nikaigeuza. Mdomo wake ulikuwa umejazwa sponji ya kuoshea vyombo, na juu ya sponji umebandikwa utepe wa gundi, safu mbili.

"Nani kafanya hivi?"

Mke akamwangalia mumewe, mume akaangalia sakafu.

"Ilikuwa inalia mno," akasema mke polepole. "Shemeji, huwezi kujua. Naweka nguo ya mteja kwenye sindano, inalia. Naenda, anauliza leo ni siku gani. Narudi, inalia. Anataka pazia lifunguliwe. Narudi, anataka lifungwe. Mimi pia ni mtu."

"Nikaona nipunguze sauti tu," akasema Injinia. "Taa si ipo? Nilijua yeye anaiona taa."

"Mimi nilijua unaiona wewe."

Taa ilikuwa nyuma ya chupa ya chai. Aliyetaka kuiona alipaswa kwanza aisogeze chupa.

Bodi haichemki bure. Ili ichemke hadi iyeyushe waya, lazima kitufe kiwe kimebonyezwa, na kibaki kimebonyezwa, kwa saa nyingi.

"Nani anabonyeza?" nikauliza.

"Kitufe kitakuwa kimekwama," akasema Injinia. Lakini sauti yake ilikuwa imebadilika.

Nikaufuata ule waya kwa vidole, kwenye ukuta wa jikoni, juu ya mlango, kwenye ujia, hadi chumbani. Dirisha lilikuwa limefungwa na hewa imeganda. Kitanda kilikuwa kitupu. Bibi alikuwa chini, kati ya kitanda na ukuta, amelalia ubavu, mguu mmoja umepinda vibaya. Kitufe kilikuwa ngumini mwake. Kidole gumba bado kimekibana, kimekuwa cheupe.

"Mama!" Injinia akapiga magoti. "Mama, tangu saa ngapi?"

Bibi aliongea kwa kunong'ona, midomo imekauka. "Watoto wa mtaani walipokuwa wanapiga kelele za kwenda mpirani." Hiyo ilikuwa saa moja asubuhi. "Nilidhani mmetoka wote."

"Tulikuwepo, Mama."

"Mlikuwepo?" Akafikiri. "Basi kumbe sikubonyeza vizuri. Siku hizi nikibonyeza kidogo haisikiki. Nikajua inataka kubonyezwa kwa nguvu, na kwa muda. Ndiyo naikazania hivi."

Ndugu zangu, nimeona watu wakilia misibani. Sijaona mtu akilia kama yule mwalimu alivyolia pale sakafuni. Wiki zote zile alikuwa akipima joto la ile bodi kwa mita, kumbe joto lenyewe lilikuwa ni mama yake anaita. Kila fyuzi iliyokatika ilikuwa ni Bibi ameshika kitufe saa nzima, anangoja maji.

Tulimpeleka hospitali. Nyonga ilikuwa imevunjika. Alikaa huko miezi miwili, akarudi, lakini hakurudi yule wa zamani. Sauti imekuwa ndogo, na usingizi mwingi. Siku aliyorudi Injinia alimwekea kengele mpya kabisa, ya dukani, bila waya. Bibi akaishika, akaigeuza, akamrudishia.

"Chukua, mwanangu. Sitaki kukusumbua tena."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Sasa meza ya Injinia, na mita yake, na makorokoro yake yote, imehamia chumbani kwa Bibi. Cherehani nayo ipo mlangoni, na dirisha liko wazi. Anafungua vifaa vyake pale, na Bibi akiamka anamuuliza leo ni siku gani. Anamjibu. Baada ya dakika kumi anamuuliza tena, naye anamjibu tena. Lakini maji haombi. Hata awe na kiu namna gani, haombi, mpaka mtu akumbuke mwenyewe kumpa.

FUNZO

Msije mkasema funzo la hadithi hii ni kwamba betri ni hatari. Ni hatari, ndiyo, na anayeweka waya mtupu mahali pa fyuzi anaweza kuichoma nyumba yake. Hilo lijueni. Lakini nyumba ile isingefuka moshi kama sponji isingeingia kwenye kengele.

Kumtunza mzee kunachosha. Mke wa Injinia hakusema uongo, na sitaki mtu amnyooshee kidole. Ukichoka, sema. Mwite ndugu yako, mwite jirani, pokezaneni zamu. Usimzibe mdomo anayekuita, halafu ukamwachia mwenzako kazi ya kumwona bila kumwambia. Na wewe jirani unayesema utapita kesho, inuka upite leo. Mimi nilikuwa hatua arubaini tu.

Sasa kila siku saa nne nafunga kibanda, naenda kumsalimia Bibi, na naenda na kikombe cha maji mkononi. Anakunywa yote. Kisha ananiuliza, "Umejuaje?"