Udhu wa Bi Hamida

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Naima alimnywesha uji bibi yake, Bi Hamida. Zamani bibi huyo aliamsha mtaa wa Mtoni kwa harufu ya vitumbua. Sasa, baada ya kupigwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ulilala ubavuni kama si wake, na ulimi wake ukawa mzito.

Jumamosi alikuja dada Asifiwe, mtaalamu anayewafundisha wagonjwa kurudia shughuli zao.

"Shikamoo, bibi. Yale mazoezi niliyokuachia ya kushika kikombe yanaendaje?"

"Marahaba," bibi alijibu, akageukia ukutani.

Naima akadakia, "Anafanya kila siku, dada!"

Asifiwe alivigusa vidole vya mkono wa kulia wa bibi. Vilikuwa vimejikunja na kukakamaa. "Naima, hapa hapajafanyika kitu. Sidhani kama vitafunguka tena kama zamani."

Naima akaangua kilio. "Bibi kanikataza nisikwambie! Mazoezi hataki, na hata kuswali kaacha!"

"We mtoto, umemeza redio?" Bi Hamida alifoka. Kisha akamgeukia Asifiwe. "Mwanangu, nitatawadhaje kabla ya kuswali? Wa kulia umekufa, na huu wa kushoto ni wa chooni. Niutie mdomoni, halafu nikamwombe Mungu? Kutawadhishwa nitatawadhishwa nikifa. Hicho kikombe nikishike cha nini?"

Asifiwe aliinamisha kichwa. Hakuwahi kumuuliza bibi mkono anautakia nini.

"Nisamehe, bibi. Mie Mkristo, udhu siujui. Nifundishe, tuufanyie mazoezi huo."

Walitafuta ndoo yenye koki. Bi Hamida alijifunza kuifungua kwa mkono wa kushoto, kisha kwa mkono huohuo kuubeba ule wa kulia hadi mdomoni, kiganja kikiwa na maji kidogo. Siku za mwanzo yalimwagika yote, naye alilia waziwazi. Hatimaye yakafika.

Siku hiyo Naima alimfuata Asifiwe uani. "Dada, vidole havikufunguka."

"Havitafunguka, mdogo wangu. Ulidanganya kwa huruma, lakini uongo huo umemgharimu bibi vidole vyake. Nami nilihangaika na mkono, nikamsahau mwenye mkono. Mgonjwa ana mwili, na ana imani yake pia. Ukijua linalomuumiza moyoni, mwambie anayemtibu, tena mapema."

Naima akafuta machozi kwa upindo wa khanga. Chumbani, Bi Hamida, akiwa ameketi kwenye kiti, alikuwa ameanza kuswali tena, akisoma Alhamdu kwa ulimi mzito, neno moja moja.