Chanuo Linalosikiliza

Kila Ijumaa, katika saluni ya Mwanakombo pale Ngamiani, Tanga, chanuo sikizi lilikaa kichwani mwake likisikiliza ubongo. Meno yake kumi na mawili yalipima jambo moja tu: msuko mpya aliofundishwa Jumatatu hapohapo saluni bado anao? Maana ugonjwa wa ukoo wake hauanzi kwa kufuta ya zamani. Umbea wa miaka ishirini Mwanakombo alikuwa nao wote, na hawara wa nani ni nani. Ugonjwa unaanza kwa kuyazuia mapya yasiingie.

Mama yake ulimchukua akiwa na miaka arobaini na tano. Siku hizi ipo dawa ya kuizima chembe ya urithi inayouleta, ila ni kali, hutolewa chanuo likishaona dalili ya kwanza tu. Ikichelewa haisaidii kitu.

Miezi mitatu Mwanakombo alipata alama za juu. Mdogo wake Saumu, mhandisi aliyelibuni chanuo lenyewe, akamshukuru Mungu. Kisha siku moja akamkuta dada yake amesimama mlangoni pa nyumba aliyohamia, namba za kufungulia zimemtoka, mara ya saba hiyo.

Ijumaa iliyofuata Saumu akaja kukaa kwenye benchi. Saluni imefurika kama kawaida. Mikono ya Mwanakombo iliposita, shoga yake Pili, aliyekuwa anasukwa, akagusa sikio la kushoto. Mwingine akakohoa. Msuko ukanyooka. Chanuo lilisikia njia imepatikana. Halikujua imetoka kwa nani.

Walipobanwa, Pili akakiri: walidhani ni mtihani wa manispaa, mwenzao akifeli anafungiwa saluni. Kwa hiyo kila Jumatatu walikuwa wanaukariri msuko wote pamoja.

Saumu akawatoa nje, akakaa yeye asukwe. Chanuo likawaka jekundu.

Dawa ilianza wiki ileile. Baada ya miezi sita daktari akasema ugonjwa umesimama ulipofikia. Yaliyopotea hayarudi, msuko mpya sasa unamchukua mwezi mzima kuushika. Mwanakombo akapika pilau, akajaza watu saluni. Pili akaja analia, akamwomba radhi mbele ya wote.

"Acha hizo, shoga," Mwanakombo akamwambia. "Watu kumi na mmoja mmekaa mnakariri kwa ajili yangu. Nani mwingine Tanga hii anao utajiri huo?"

Kisha akalifuta chanuo kwa upindo wa kanga, akamgeukia Saumu, ambaye tangu alibuni chanuo hilo alipima kila mtu isipokuwa nafsi yake.

"Na wewe mama yako nani? Kaa."

Saumu akakaa. Wanawake, bila kuambiwa, wakabeba sahani zao za pilau wakaenda kula nje.