Ukuta Uliosema Asante

Asubuhi hiyo Elmire Dardar alikuwa jikoni akimenya kamba wa supu, dirisha wazi, redio ikitangaza saa za maji kujaa na kupwa, alipoisikia harufu. Watu wa vijito vya kusini mwa Louisiana wanaijua kama wanavyoijua harufu ya jasho lao: udongo, gazeti lililolowa, na nyuma yake kitu kitamu kidogo. Alinawa mikono akaifuata mpaka chumbani. Juu ya kichwa cha kitanda, kwenye ukuta mpya, palikuwa na doa la kijivu, pana kama sahani.

Hakushtuka. Baada ya kimbunga na mafuriko yake kila nyumba ilikuwa na doa lake. Akachukua siki na kitambaa, akalifuta, akarudi kwa kamba wake.

Kesho yake doa lilikuwa na mabega.

Alimwita Jody, mpwa wake, aliyeufunga ukuta ule kwa mikono yake. Jody alilitazama bila kuvua kofia.

"Kuvu tu hiyo, Shangazi. Tupige rangi."

"Kuvu haipigwi rangi. Ukiipiga rangi umeitandikia shuka. Ulipoweka bodi za jipsamu, mbao za ndani zilikuwa zimekauka?"

Jody alikuna shingo. "Ukizigusa, zilikuwa kavu."

"Ngozi kavu. Na nyama yake?"

Mwaka ule kijiji kizima kilifunga kuta mapema, maana hakuna aliyependa kulala huku akitazama mifupa ya nyumba yake. Jody alitaka shangazi yake ale Krismasi nyumbani kwake mwenyewe, basi. Elmire hakuona wa kumlaumu.

Lakini Jumatatu mkaguzi wa wilaya angefika. Nyumba iliyokutwa na kuvu ndani ya kuta ilibandikwa karatasi nyekundu mlangoni, na baada ya karatasi lilikuja tingatinga. Majirani wa kulia walikuwa wamebakiwa na ngazi tu, zimeota ukijani, zinapanda kwenda hewani.

"Njoo mjini ukae kwangu," Jody alisema. "Maji yatarudi hapa, unajua."

"Yarudi. Yatanikuta."

Siku iliyofuata doa lilikuwa na shingo, na kichwa kilichoinamia upande wa mto wake wa kulalia. Ndipo Elmire alipokwenda kwa mzee Alcide, mponyaji wa pale kijijini, anayetibu kwa kunong'ona sala aliyorithi. Mtu wa aina yake halipwi wala hashukuriwi. Ukimwambia asante, tiba inafutika, na hawezi kuirudia. Hata watoto wa huko wanalijua hilo.

Alcide alifika saa sita mchana, akatundika kofia msumarini, akasimama mbele ya ukuta.

"Nimetibu chunjua. Nimetibu watu walioungua. Ukuta, sijawahi."

"Leo utaongeza sifa, Mjomba."

"Nani huyu anakuinamia?"

"Hajajitambulisha."

Mzee alicheka kidogo. Akaweka kiganja pale kifuani pa doa, akaanza kunong'ona. Feni ilikuwa imezimwa. Nje hata vyura walikuwa wamenyamaza. Alipomaliza, alifuta kiganja kwenye suruali akatoka, na Elmire akamsindikiza huku ameuma mdomo, ulimi usije ukateleza.

Alcide alikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi.

"Asante."

Ilitoka chumbani. Taratibu. Sauti yenye maji. Sauti ya Elmire.

Mzee aligeuka. "Umeharibu, binti yangu."

"Sijafungua mdomo."

Aliitazama midomo ya Elmire. Kisha akatazama nyuma ya bega lake, ndani. Akashuka bila kuirudia kofia yake.

Elmire alirudi chumbani peke yake.

"Una adabu," aliuambia ukuta. "Sasa nisikilize na mimi. Maji yalikuja, yakaondoka. Wewe ni makombo yake. Nyumba hii baba yangu aliinyanyua juu ya nguzo, na wewe hukumshikia hata msumari."

Ukuta ulitoa jasho.

Alichukua mtaimbo.

Jipsamu ilikatika laini, kama mkate uliochovywa kwenye chai. Kipande kikubwa kilianguka kitandani kikapinduka. Upande wa chumbani doa lilikuwa na kifua. Upande wa ndani lilikuwa na mgongo. Mabega. Uti. Kila pingili mahali pake.

Hakukuwa na bomba nyuma yake. Maji yalitiririka kwenye mbao, na alipoyaonja yalikuwa ya chumvi.

Hakuacha. Alivunja ukuta huo, akavunja wa pili, akaenda sebuleni. Jody alimkuta mweupe kwa vumbi kama mtu wa unga. Alitazama lile pande la jipsamu, akavua kofia, akachukua nyundo bila kuuliza. Walisugua kila ubao kwa brashi, wakafungua madirisha yote, wakawasha feni walizoazima mtaa mzima.

Jumatatu mkaguzi, mwanamke mwenye haraka, alichoma pini za kipimo chake kwenye mbao, chumba hadi chumba. Kavu. Kavu. Kavu.

"Mama, kuta ziko wapi?"

"Nje, kwenye lundo."

"Utaishi hivi?"

"Naishi hivi. Nitazifunga mbao zitakaponiridhisha."

Mkaguzi aliangalia jikoni kupitia chumbani, na ziwa lililo nyuma ya nyumba kupitia jikoni. Nyumba ikapita ukaguzi.

Jioni Alcide alikuja kuchukua kofia yake. Alisimama barazani, hakutaka kuingia.

"Nasikia baridi mgongoni tangu siku ile," alisema.

"Geuka, Mjomba."

Kwenye shati lake, lililopigwa pasi asubuhi hiyo, kati ya mabega, palikuwa na alama ya kiganja cha kuvu, vidole vimetanuka. Imekaa vile mtu anavyompiga mwenzake mgongoni kumshukuru.

Elmire alilowesha kitambaa kwa siki, akasugua mpaka shati likabaki shati. Mzee alivuta pumzi ndefu, akafungua mdomo. Elmire akauziba kwa mkono.

"Usinishukuru," alinong'ona. "Nenda."

Kitambaa alikianika kwenye kamba ya nguo, kwenye jua la Agosti. Kuta za Elmire bado hazijafungwa, na nyumba bado imesimama. Kitambaa kipo palepale. Majira mengi ya kiangazi yamepita, na bado kinadondosha maji.