Hippolyte Hakunawa Mikono

Ndugu walipotoka kumzika tantine Perpétue, shangazi yao, walikuta beseni la maji yenye majani langoni, kama linavyowekwa Mudzipela, mtaa wa Bunia, ili kila anayerudi kutoka makaburini aache mauti nje. Wote walinawa. Hippolyte, prefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni, alilipita.

"Mimi niko mutu wa masomo," alisema, "tena mukristo. Hii ni mambo ya bashenzi."

Akaingia nyumbani kwake na udongo wa kaburi ungali kwenye vidole.

Sasa sikilizeni akili za msomi huyu. Perpétue alikuwa dada wa baba yake, na ni yeye Hippolyte aliyemfukuza katika nyumba hiyo hiyo, eti mchawi. Ushahidi? Uso wake ulikunjamana na kidevu kikaota ndevu mbili. Maji na majani ni ushenzi, lakini ndevu mbili za mwanamke ni sayansi! Mama wa watu akaenda kufia katika kibanda nyuma ya kanisa, na prefe akatoa hotuba nzuri sana matangani.

Siku ya pili yake, wakiwa mezani, sauti ikaanza. Kraa, kraa. Mtu anajikuna kidevu, polepole, kama anayewaza.

"Ni weye unajikuna?" Hippolyte alimuuliza mke wake Geneviève, mama wa mtoto wao Fiston.

"Mikono yangu yote iko mu fufu, Papa Fiston. Angalia."

Hakuangalia mikono. Aliangalia uso.

Geneviève alikuwa na miaka hamsini na mbili. Alichuuza samaki wa kukaushwa kutoka Kasenyi ziwani, na mabati ya nyumba ile aliyanunua yeye. Mwaka huo damu ya mwezi ilikuwa imemkoma. Joto lilimpanda ghafula kutoka kifuani, mashavu yakalegea, ngozi ikakauka na kuwasha, na unywele mgumu ukajitokeza chini ya mdomo. Alikuwa amekwenda kumwona Solange, muuguzi wa zahanati.

"Mama, hakuna mutu anakuroga," Solange alimwambia akicheka. "Damu ikikoma, ngozi inakuwa nyepesi, inakauka. Paka mafuta, funika uso na jua. Ule unywele, kata. Mama yangu iko na tano!"

Geneviève alimrudishia mume wake maneno hayo yote. Prefe, ambaye shuleni kwake biolojia inafundishwa, alijibu kwa kumwita dada yake.

Joséphine alifika na miwani yake, akamshika wifi yake kidevu kama anayechagua mbuzi.

"Mama Fiston, hii uso ni ya nani?"

"Ni yangu. Yako iko njiani."

"Unaona, kaka? Hata mudomo imebadirika."

Wiki hiyo harufu ikaja, ya udongo uliolowa, na ilimfuata Hippolyte kutoka chumba hadi chumba. Alibadili shati, akaoga, akajimwagia manukato, kisha akatamka kwamba mke wake ananuka. Geneviève hakulala tena vizuri. Hakuogopa makunyanzi. Aliogopa kibanda nyuma ya kanisa, maana alijua jinsi mwanamke anavyofika pale.

Nabii Destin, mtoa pepo, akaitwa mchana, jua likiwaka. Alimpigisha Geneviève magoti sebuleni, akampaka mafuta usoni na kumkemea kwa Kilingala na Kifaransa, na kadiri alivyopaza sauti ndivyo ule mkwaruzo ulivyokaribia, kraa, kraa, ukitoka ukutani, ukipita chini ya meza, ukipanda nyuma ya kiti cha prefe, na harufu ya kaburi ikajaa hata nabii mwenyewe akaziba pua, na Geneviève alipoinua macho yake yenye mafuta akaona mkono mwembamba wa kizee, wenye udongo chini ya kucha, umetulia juu ya bega la mume wake kama mkono wa mama anayemsindikiza mtoto shule.

"Papa Fiston," alinong'ona, "iko nyuma yako. Nawa mikono. Nakuomba, kanawe."

"Mumesikia?" Joséphine alipiga kelele. "Anaona! Ni yeye mwenyewe muchawi!"

Nabii alikubali haraka. Alitaka kutoka.

Wakamtoa Geneviève na mfuko mmoja wa nguo. Hakulia. Alimtazama mume wake kama anavyotazamwa samaki aliyeoza, akasema, "Ulisoma bure," akashika njia ya Bogoro kwa kaka yake. Nabii na Joséphine wakaondoka wakiimba.

Prefe akafunga mlango. Mkwaruzo ulikuwa umekoma. Akacheka, akajinyoosha kwenye kiti, akashukuru Mungu wake kwamba uchawi umetoka nyumbani, na alikuwa bado na tabasamu lile la kipumbavu wakati kidole baridi, kikavu, kilipogusa kona ya jicho lake na kuanza kufuata mikunjo yake, mmoja baada ya mwingine, mikunjo ya miaka hamsini na nane ambayo Bunia nzima iliita heshima.

"Hippo, mutoto wangu," sauti ilisema sikioni, kwa huruma kabisa. "Hata weye? Geuka. Leta uso, tantine aone kama uko muchawi."