Tatu Nukta Moja

Kila asubuhi, kabla ya kufagia uwanja, Raheli alimtoboa bibi yake kidoleni. Bibi Paulina alikuwa na kisukari, na macho yake hayakuziona vizuri namba za mashine ya kupimia, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa ya mjukuu wake, mwanafunzi wa darasa la sita pale Mvumi. Namba ikipanda hadi kumi na nne, nyumba nzima ilinuna. Ikishuka hadi saba, walipongezana. Basi Raheli akaamini kwamba kadiri namba inavyokuwa ndogo, ndivyo bibi anavyopona.

Jumamosi hiyo kina mama wa kanisani walifunga kuombea mvua, maana mtama ulikuwa umeanza kunyauka. Bibi naye alifunga. Tangu ugali wa jana jioni hakutia kitu kinywani, ila vidonge vyake alivimeza kama kawaida. Vidonge si chakula, alisema, havivunji funga.

Saa nne alirudi kutoka kanisani akijikokota, akaketi kwenye kigoda.

"Hebu nipime, mjukuu wangu. Mwili hauna nguvu."

Mashine ikaonyesha tatu nukta moja.

"Bibi, leo umevunja rekodi," Raheli alisema kwa furaha. "Haijawahi kushuka hivi."

Bibi hakucheka. Jasho lilimtiririka ingawa alikuwa kivulini, na mikono ilimtetemeka. "Wilbert, kawafunge mbuzi," alisema. Wilbert ni baba yake Raheli, na huu ulikuwa mwaka wake wa pili akifanya kazi Kongwa. Furaha yote ikamtoka Raheli. Aliogopa sana, akapaza sauti kumwita jirani yao Flaviana, mhudumu wa afya wa kijiji.

Flaviana alifika mbio, mikono ina unga. "Imesoma ngapi?"

"Tatu nukta moja. Nilidhani ni nzuri."

"Lete sukari."

Raheli alisita. Katika nyumba ile sukari ilifichwa juu ya kabati kama sumu. "Nimpe sukari mgonjwa wa kisukari?"

"Lete, mwanangu. Upesi, maadamu bado anaweza kumeza."

Raheli alikoroga vijiko vinne kwenye kikombe cha maji, akamshikia bibi mdomoni. Bibi akanywa kidogo kidogo. Wakangoja robo saa, na Raheli hakubandua macho usoni pa bibi yake. Walipopima tena, ilikuwa tano nukta mbili.

"Mbona nimelowa hivi?" Bibi aliuliza. Hapo ndipo Raheli alipolia.

Flaviana alimwekea bibi ugali na mlenda. "Mama, si mchungaji alisema wagonjwa wasifunge?"

"Alisema. Niliona aibu kula wenzangu wakiwa na njaa."

"Vidonge vyako vinashusha sukari hata tumbo likiwa tupu. Ukivimeza, ule. Jumatatu twende kliniki tuwaeleze yaliyotokea." Kisha akamgeukia Raheli. "Nawe ujue, sukari ikipanda sana ni hatari, na ikishuka chini ya nne ni hatari ya papo hapo. Umefanya vyema kuniita badala ya kukaa kimya."

Bibi alimega tonge. "Umesikia, mjukuu wangu? Siku nyingine ukiona namba ndogo namna ile, usinipongeze. Nipe sukari kwanza, halafu unilishe."